Mama Watatu kwenye Karatasi Moja

Kwa walimu wenzangu wa shule za msingi Kigoma,

Theluji ya hapa Columbus, Ohio, imegoma kuondoka. Chaki niliiacha huko. Huku ni msaidizi wa mwalimu wa darasa la pili: nafunga kamba za viatu na kuwatafsiria watoto wa Kikongo waliozaliwa kambini Nyarugusu, Kasulu.

Juzi watoto walipewa kazi ya kuchora watu wao, kuwakata kwa mkasi, kuwabandika kwenye karatasi kubwa na kuwaunganisha kwa nyuzi za sufu. Uzi mwekundu kwa anayekupikia, wa buluu kwa anayekuchekesha, wa kijani kwa unayemkumbuka. Basi mmoja wa watoto wetu akabandika mama watatu. Mwalimu akanivuta pembeni, sauti chini, akidhani nyumbani kwao kuna matatizo. Nilicheka! Nikamweleza habari ya mama mkubwa na mama mdogo, ambao Kiingereza kinawatupa kapu moja na shangazi na mke wa mjomba. Akaenda kuchuchumaa karibu na mtoto, akamwuliza mwenyewe. Mama mdogo alibaki kambini. Uzi wake wa kijani ulikuwa umetoka nje ya karatasi, ukaishia ukingoni mwa meza.

Kalamu za rangi nazo zilizua lao. Zamani kampuni ya Crayola iliuza kalamu ya waridi hafifu ikiiita rangi ya mwili, hadi ilipoibadilisha jina mwaka 1962; mwaka 2020 ikatoa boksi la rangi 24 za ngozi. Watoto walipanga mikono mezani wakatafutana rangi, na wawili waliogombana asubuhi wakajikuta wanagombea kalamu moja, kwa vicheko.

Nikakumbuka aibu yangu. Mwaka wangu wa kwanza kazini, mtoto alichora bibi mkubwa kuliko nyumba. Nikampiga kosa kwa wino mwekundu, nikamwambia vipimo havilingani. Sikumwuliza huyo bibi ni nani kwake. Baadaye nilisikia ndiye aliyemlea tangu akiwa mchanga.

Najua mtaniambia vifaa hamna na darasa limejaa hadi dirishani. Sawa. Lakini maboksi ya dukani yapo, mkaa upo, uzi wa katani upo, na uji wa muhogo unagandisha karatasi vizuri tu. Tulitengenezea tiara utotoni. Wapangeni wawili wawili, kila mtoto amweleze mwenzake aliowachora, nanyi mpite mkisikiliza. Kipindi kimoja kwa wiki kinatosha kuanzia.

Mkijaribu, nitumieni picha kwa WhatsApp, niwaonyeshe watoto wa huku. Na siku hiyo, tafadhali, kalamu nyekundu zibaki ofisini.

Mwenzenu,
Columbus, Ohio