Uhakika wa Shahidi Si Ushahidi

“Sura yake siwezi kuisahau mpaka naingia kaburini.” Kauli hii ikitoka kwa mtu aliyewekewa panga shingoni, nani atathubutu kumbishia? Polisi huiandika kama ilivyo, majirani huitikia kwa vichwa, na kama ni mtaani, kuna mtu keshakwenda kutafuta tairi. Tumeamini kwamba hofu huichora sura ya mhalifu akilini kuliko kalamu yoyote, na kwamba anayesema bila kusita ndiye msema kweli. Imani hiyo ni potofu. Imewafunga watu wasio na hatia, na mitaani imeua.

Tuanze na jicho lenyewe. Nyoosha mkono mbele yako, utazame ukucha wa dole gumba. Eneo lisilozidi sana upana huo ndilo unaloliona barabara kwa wakati mmoja; kwingine kote mambo ni ya ukungu. Jicho huruka hapa na pale, karibu mara 3 kwa sekunde, nao ubongo huunga vipande hivyo na kuziba mapengo kwa kile unachokitarajia. Kwa kuwa mapengo hatuyahisi, tunadhani tumeona yote. Mwaka 1999 Daniel Simons na Christopher Chabris, wakiwa Chuo Kikuu cha Harvard, walichapisha utafiti ambamo watu walitazama video ya wachezaji wakirushiana mpira, huku wameagizwa kuhesabu pasi. Katikati ya mchezo alipita mtu aliyevaa vazi la gorila. Karibu nusu ya watazamaji hawakumwona kabisa, na hao walikuwa wameketi mahali penye mwanga, bila wa kuwatisha.

Sasa mtie mtu huyohuyo hofu. Homoni humwagika kwenye damu, moyo huenda mbio, na umakini wote hung’ang’ania kile kinachoweza kumuua. Ni kweli kwamba hofu huimarisha kumbukumbu, na hapo ndipo tunapojidanganya, kwa sababu kinachoimarishwa ni kiini cha hatari: makali ya panga, mtutu wa bunduki, sauti iliyosema “lala chini”. Vilivyo pembeni huachwa, na mara nyingi sura ya mshika silaha imo humohumo pembeni. Mwaka 1987 Elizabeth Loftus na wenzake walipima mwendo wa macho ya watu waliotazama picha za mteja mgahawani. Mteja alipomwelekezea keshia bastola, macho yaliganda kwenye silaha kuliko yalivyofanya alipotoa hundi tu, na sura yake ikawa ngumu zaidi kutambulika baadaye. Mwaka 2004 zilichapishwa habari za wanajeshi wa Marekani zaidi ya 500 waliokuwa kwenye mafunzo ya kustahimili utekwaji. Walihojiwa ana kwa ana, kisha wakatakiwa kumtambua aliyewahoji. Waliohojiwa kwa vitisho vikali walikosea zaidi kuliko waliohojiwa bila vitisho hivyo. Hao ni askari waliofundishwa, si mama wa genge aliyevamiwa saa nane za usiku kwa mwanga wa tochi.

Kesi moja inanikaa moyoni kuliko zote. Julai 1984, mjini Burlington, North Carolina, mwanamume aliingia kwa mwanafunzi Jennifer Thompson usiku, akambaka. Thompson hakufumba macho. Alijilazimisha kuikariri sura ile ili akinusurika amfunge mwenye nayo. Alimchagua Ronald Cotton kwenye picha, akamchagua tena kwenye gwaride la utambuzi, polisi wakamthibitishia kwamba huyo ndiye waliyemshuku, na mahakamani akamnyooshea kidole. Kila hatua ilimzidishia uhakika. Kesi iliposikilizwa upya mwaka 1987, mwanamume mwingine, Bobby Poole, aliletwa mbele yake; Thompson akasema hajawahi kumwona mtu huyo. Mwaka 1995 vipimo vya vinasaba vilionyesha kuwa mbakaji alikuwa Poole. Cotton alikuwa amekaa gerezani zaidi ya miaka 10.

Thompson hakusema uongo hata mara moja. Kumbukumbu hujengwa upya kila inapoitwa, na kila alipolikumbuka tukio lile baada ya kuiona picha ya Cotton, sura ya Cotton ilizidi kuchukua nafasi ya sura ya mbakaji. Uhakika aliokuwa nao mahakamani ulikuwa wa kweli kama hisia. Kama kipimo cha ukweli haukuwa na thamani. Wala hayuko peke yake: miongoni mwa mamia ya Wamarekani walioachiwa huru kwa vinasaba, zaidi ya theluthi mbili walifungwa kwa sababu, pamoja na mengine, shahidi aliwatambua kimakosa.

Majaji wetu hili walilijua zamani. Mwaka 1980, katika shauri la Waziri Amani dhidi ya Jamhuri, Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilieleza kuwa ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho ni wa aina dhaifu kabisa, ikataka yaulizwe mambo ya msingi: shahidi alimtazama kwa muda gani, kwa umbali gani, kwa mwanga upi, na je, alikuwa akimfahamu kabla? Mtaani maswali hayo hayana wa kuyauliza. Mmoja mwenye hofu hupiga kelele za mwizi gizani, anayekimbia ndiye anayekamatwa, na kufikia hapo watu ishirini nao wako tayari kuapa kwamba walimwona.

Watakuwapo wa kusema natetea vibaka na kuwavunja moyo waliobakwa. Nawajibu kwamba Cotton alipokamatwa, Poole alibaki huru na akaendelea kubaka wanawake wengine. Anayemhurumia mwathirika kwa dhati atataka akamatwe aliyemdhuru, si yeyote anayefanana naye.

Basi maelezo ya kwanza ya shahidi yaandikwe kabla hajaonyeshwa sura ya mtu yeyote. Gwaride lisimamiwe na askari asiyejua mtuhumiwa ni nani, na shahidi aambiwe wazi kwamba mhalifu huenda hayumo. Akichagua, aulizwe palepale ana uhakika kiasi gani, na jibu lake liandikwe kabla mtu hajamsifu. Na tabia ya kuwapanga watuhumiwa mbele ya kamera za waandishi wa habari kabla ya gwaride ikome, kwa sababu shahidi aliyekwishaiona sura hiyo kwenye taarifa ya saa mbili usiku hawezi tena kutuambia aliiona wapi kwanza.