Nintendo na Imani ya Wanunuzi

Watoto wengi hulijua jina la Mario hata pale ambapo wazazi wao hawajui limetoka wapi. Mwenye Mario ni kampuni ya Nintendo ya mji wa Kyoto, Japani, iliyoanza mwaka 1889 kwa kutengeneza karata. Leo ni miongoni mwa makampuni makubwa ya michezo ya video ulimwenguni. Je, kampuni kama hiyo yahitaji shauri? Yahitaji sana, maana mwenye njaa hukumbushwa na tumbo lake, bali aliyeshiba hana wa kumkumbusha.

Mwaka 2006 Nintendo ilileta mashine ya Wii. Washindani wake walishindania nguvu za mitambo na uzuri wa picha. Yenyewe iliuza, kwa dola 250 huko Marekani, chombo ambacho hata bibi kizee aliweza kukichezea kwa kupunga mkono. Ziliuzwa zaidi ya milioni 100. Ushindi huo ukailevya. Mwaka 2012 ilitoa mashine nyingine na kuiita Wii U, na wanunuzi wengi wakadhani ni kifaa cha kuongezea kwenye ile waliyo nayo nyumbani. Jina tu! Hazikuuzwa hata milioni 14. Watengenezaji wa michezo wa nje walipoona wanunuzi ni wachache waliitupa mkono, na wanunuzi walipoona michezo ni michache wakazidi kuikimbia.

Kinachofaa kutazamwa kwa makini zaidi ni namna hasara ilivyopokewa. Mwaka 2011 mashine ndogo ya mkononi, 3DS, ilikuwa imedorora sokoni, na bei yake ikashushwa kutoka dola 250 hadi 170 kabla ya nusu mwaka kupita. Waliokwisha kuinunua kwa bei ya juu walipewa michezo 20 bila malipo. Rais wa kampuni, Satoru Iwata, alikata mshahara wake kwa nusu, na mwaka 2014 akaukata tena. Alipinga kupunguza wafanyakazi kwa ajili ya kupamba hesabu za muda mfupi, kwa kuwa mtu anayehofia kuachishwa kazi hawezi kubuni kitu cha kuwafurahisha wengine. Askari aliyepata kuwa na mkubwa anayekula chakula kile kile cha vijana wake hahitaji kufafanuliwa jambo hili. Iwata alifariki Julai 2015, asiione Switch, iliyotoka mwaka 2017 na kuuzwa zaidi ya milioni 150.

Sasa kampuni imeshiba tena. Switch 2 ilitoka Juni 2025, na katika siku nne za kwanza ziliuzwa milioni 3.5. Ila bei ya mashine huko Marekani ilikuwa dola 450, na mchezo mmoja wa mbio za magari, Mario Kart World, ukauzwa dola 80. Mama anayepanga matumizi ya mwezi atauliza mara moja watoto watatu watanunuliwa michezo mingapi kwa bei hiyo. Zaidi ya hayo, baadhi ya kaseti za mashine hiyo hazina mchezo ndani yake. Zina ufunguo tu, na mchezo wenyewe sharti uvutwe kutoka katika intaneti. Kwa familia inayoishi mahali ambapo mtandao ni hafifu, huko ni kununua sanduku na kuambiwa nguo zitafuata.

Tena Machi 2023 Nintendo iliacha kuuza michezo katika maduka yake ya mtandao ya Wii U na 3DS. Michezo mingi iliyouzwa humo tu haipatikani tena kwa njia ya halali.

Hapa ndipo panapohitaji marekebisho. Kampuni yenye akiba kubwa kama hiyo yaweza kuamua kwamba kila kaseti ibebe mchezo wake kamili, hata ikibidi kuwasaidia watengenezaji wa nje kulipia gharama. Yaweza kushusha bei ya michezo yake ikiisha kutimiza miaka michache, jambo ambalo hulifanya kwa uchache mno. Na michezo ya zamani, yaweza kuiuza moja moja ikawa mali ya mnunuzi; kwa sasa mingi hukodishwa kwa ada ya mwaka, na siku ada inapokoma, mlango hufungwa.