Kung'aa Sio Ubora: Wacheni Kununua Spea kwa Macho

Wacha nianze na kosa langu, ndo mtu asije akasema najitoa kwenye kesi.

Mwaka jana nilipiga video nikifungua boksi la breki shuu za pikipiki. Boksi jekundu, stika inameta, plastiki haina hata mkunjo. Ndani, shuu zimepakwa rangi nyeusi inang'aa utafikiri kiatu cha shule Jumatatu asubuhi. Nikaziinua mbele ya kamera nikasema, "Wadau, hii ndo orijino." Video ikatembea sana. Shuu zenyewe akafunga kaka yangu, mtoto wa mamdogo, anaebeba abiria kutoka feri Likoni kwenda Mtongwe.

Siku ya tisa alikuwa anateremka kuelekea feri. Breki ya mbele ilikuwa imekufa kitambo, kama pikipiki nyingi za kazi. Akakanyaga ya nyuma, akasikia kitu kimeachia ndani ya gurudumu. Ule mkanda mweusi unaosugua ulikuwa umebanduka kwenye chuma chake. Ikabidi aiangushe pikipiki ubavu ili asiingie kwenye watu. Abiria wake, mama wa watu na mfuko wake wa mboga, alichubuka goti. Yeye alivunjika mkono. Wiki sita hana kazi, na mkopo wa pikipiki haujui habari ya mkono.

Sasa kinachoniuma ni hiki. Kabla hatujaenda dukani, fundi wetu, mzee wa watu, alitutolea shuu nyingine. Hazina boksi, zimefungwa kwa raba. Zina mstari umepanda ubavuni, zina viduara vitatu vinne, rangi yake aluminiamu mbichi. Akasema, "Chukueni hizi wanangu." Mimi na akili zangu za mtandaoni nikacheka. Nikamjibu, "Mzee, hizi si za jua kali?"

Baada ya ajali nikarudi kwake nimeinamisha kichwa, akanifundisha. Ule mstari ni pale vipande viwili vya kalibu vilipokutana wakati aluminiamu iliyoyeyuka inamiminwa ndani. Vile viduara ni alama za pini zinazokisukuma kitu kitoke kwenye kalibu. Ni kama kitovu: kinaonyesha ulivyozaliwa, sio kwamba we mgonjwa. Zile shuu zangu nyeusi pia zilikuwa na mstari, ila umefunikwa. Na rangi ile ile ilikuwa imefunika pale mkanda ulipogandishwa kwenye chuma. Pale ndo ugonjwa ulikuwa.

Mnaocheza PUBG mnaijua AK vizuri, basi tuongee lugha yenu. Kwenye Vita Vikuu vya Pili, viwanda vya Urusi vilitoa bunduki za Mosin-Nagant ambazo bodi zake kwa nje zina michirizi ya mashine utasema zilichongwa usiku gizani. Hiyo ni 1942, 1943, Mjerumani yuko ndani ya nchi, nani ana saa ya kupiga msasa? Lakini pale komeo linapofunga na risasi inapokaa, kipimo hakikuwa mchezo. Kisha AK yenyewe ilipoanza kutengenezwa mwisho wa miaka ya 1940, bodi yake ilikuwa bati la chuma lililokandamizwa. Kiwanda kikawa kinatupa nyingi, na haikuwa shida ya sura. Shida ilikuwa kuchomelea vipande vya ndani. Wakahamia kuchonga bodi kutoka chuma kizima, na bodi ya bati ikarudi na AKM mwaka 1959, walipokuwa wameiweza kazi. Kasoro ilikuwa kwenye kiungo, kama kwa shuu za kaka yangu.

Kwa hivo swali la kuuliza sio "ina alama ama haina?" Uliza alama iko wapi, na mahali hapo panafanya kazi gani.

Mkwaruzo kwenye mgongo wa injini ni urembo tu. Mkwaruzo huo huo kwenye uso wa blok, pale gasketi inapokaa, ni mafuta yanavuja. Vijishimo vidogo kama vya chapati, vikiwa sehemu isiyobeba mzigo, vingi havina neno. Vikiwa kando ya tundu la bolti, rudisha hapo hapo, maana ndani chuma kinaweza kuwa kama sponji. Na ukiona mkunjo mwembamba kama maziwa yaliyoganda juu, usiuite mkwaruzo. Pengine ni pale mikondo miwili ya chuma cha moto ilikutana ishapoa, ikalaliana bila kushikana. Pakipata mzigo, pataachana.

Vipimo vya mzee havitaki shahada, na mimi chuo nilikiacha kwa hivo nawajua. Pitisha ukucha kwenye uso unaosugua ama unaoziba: ukinasa, uliza. Kwenye shuu, zungusha jicho mpakani mwa mkanda na chuma, kote kote. Ukiona mwanya, ama rangi imefunika mpaka wote, wacha. Sproketi, omba ruhusa uguse pembe ya jino kwa tupa: ikiteleza, jino limepikwa likawa gumu, ikiuma kirahisi, hiyo cheni itaitafuna. Ukishuku ufa, paka mafuta taa, subiri, futa pakauke, kisha nyunyiza unga wa chaki. Ufa utajichora wenyewe.

Kuna watakaosema, "Wee, hiyo ni kazi ya KEBS." Ni kweli, na wasikwepe. Tangu 2005 kuna utaratibu wa bidhaa kukaguliwa huko zinakotoka kabla hazijapanda meli. Lakini kaa pale Changamwe uhesabu malori ya kontena yanayotoka Kipevu kwa saa moja tu, halafu uniambie ni nani atashika kila shuu mkononi.

Tena tunachanganya mambo mawili. Feki ni kuiba jina. Mbovu ni kutengenezwa vibaya. Sheria ya bidhaa bandia ya 2008 inamlinda mwenye jina, na ni sawa. Ila spea inaweza kuwa na jina lake halali kabisa na bado ikakuangusha mteremkoni. Na ile ya mzee haikuwa na jina lolote, lakini ndo kaka anatembelea mpaka leo.

Na msinielewe vibaya, sisemi ubaya wa sura ni dalili ya uzima. Kuna takataka nyingi zinakuja na sura ya takataka. Nasema sura peke yake sio ushahidi, si wa uzuri si wa ubaya.

Kwa hivo wenye maduka, kuanzia Kongowea mpaka Magongo: mkituambia "ukitoa kwenye plastiki umenunua," mnatuuzia plastiki. Wacheni mteja ashike, ageuze, apitishe ukucha. Bidhaa yako ikiwa nzima unaogopa nini?

Na sisi wa kamera ndo wabaya zaidi. Hologramu sio breki. Tunapiga picha boksi, tunasoma stika, tunapewa shuu za bure, tunawapeleka vijana wenzetu barabarani na abiria nyuma. Mtu akikuonyesha spea bila kuigeuza upande wa chini, jua anakuonyesha tangazo.

Ile video nimeifuta. Wengine mlinambia ningeiacha kwa sababu ilikuwa na namba nzuri. Kuna mtu alininunulia maneno yangu kwa mkono wake. Namba hizo sizitaki.

Kesho ukienda kununua spea, beba ukucha wako na umpigie fundi wako simu kabla hujalipa. Na mzee akikwambia chukua ile yenye mstari, usicheke kama mimi.