Tusikilize Kabla ya Kufungua

Sisi tunaofundisha katika vyuo vya ualimu hupenda kuwasifu wanafunzi wetu kwa wepesi wa kusahihisha. Twaona kwamba sifa hiyo imezidi kiasi. Mfano wetu tumeupata chini ya gari kuukuu, Land Rover yenye springi za vyuma bapa, lililohudumia chuo kimoja.

Gari hilo lilianza kugonga kwa kishindo. Fundi wa kwanza hakuuliza neno. Alifungua shokapu zote nne, akatia mpya, akalipwa, akaenda zake. Gari likaendelea kugonga. Fundi wa pili, mtu mzima, hakushika spana kwanza. Alimwuliza dereva, "Lagonga wakati gani?" Dereva akajibu, "Niingizapo gia ya kurudi nyuma, mzee, na niachiapo mafuta kisha nikanyage tena. Kwenye mashimo halisemi kitu."

Jibu hilo liliondoa nusu ya kazi. Mgongano wa kwenye mashimo aghalabu hutoka katika bushi za springi, shokapu au viungo vya usukani. Lakini mgongano unaotokea nguvu ya injini inapogeuka mwelekeo hutafutwa katika njia ya nguvu hiyo: mipira inayoshikilia injini na gia boksi, difu, propela shafti, na vile viungo vyenye msalaba wa chuma ambavyo mafundi huviita krosi.

Mzee alizuia magurudumu kwa mawe, mbele na nyuma, kisha akaiacha gia huru. Ndipo alipolegeza breki ya mkono, kwa kuwa katika gari la aina ile breki hiyo huzuia shafti ya nyuma, wala haishiki magurudumu yenyewe. Akaizungusha propela kwa mkono, huku na huku. Upande mmoja wa krosi ulitangulia, wa pili ukachelewa. Pembeni palikuwa na unga mwekundu wa kutu, dalili ya kiungo kilichokosa grisi. Difu nayo ilikuwa na ulegevu kidogo, lakini aliiacha. "Huo ni uzee," alisema, "si ugonjwa."

Sasa na tuingie darasani. Mtoto ameandika 52 - 27 = 35. Tunapomtilia alama nyekundu na kumwongezea hesabu kumi za namna ileile, tumekwisha kubadilisha shokapu. Tukimwuliza, "Umefanyaje, mwanangu?" atatujibu: "Saba toa mbili, tano, tano toa mbili, tatu." Kumbe kutoa anakujua. Asilolijua ni kukopa katika makumi, hivyo kila mara hutoa tarakimu ndogo katika kubwa. Tumpe 58 - 23, naye atapata 35, na safari hii ni sahihi. Kosa lake lina wakati wa kugonga na wakati wa kunyamaza, kama la gari lile. Zile hesabu kumi zingelikomaza tu.

Wako watakaosema kwamba darasa la watoto sitini halimpi mwalimu nafasi ya kuuliza. Hoja hiyo ina uzito. Hata hivyo, makosa sitini si ya aina sitini. Mwalimu ayapange madaftari kwa kufanana kwa makosa, kisha amwulize mtoto mmoja katika kila fungu. Fundi aliyeuliza hakupoteza muda. Aliyeupoteza ni yule aliyeharakisha.

Kwa hiyo twapendekeza kwamba kila mwalimu mwanafunzi, awapo katika mazoezi ya kufundisha, aandike katika daftari lake si idadi ya makosa tu, bali pia kosa hutokea wakati gani na halitokei wakati gani. Shokapu zilizonunuliwa bure ni hasara ya fedha, na fedha hutafutwa tena. Mtoto aliyeitwa mjinga kwa kosa ambalo hakuna aliyemwuliza habari zake huenda asithubutu tena kunyosha mkono.