Mgongo na Fimbo ya Gofu

Wapo kati yetu wanaotoka Misa ya Jumapili katika Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, mbele ya bandari, na kuelekea uwanja wa gofu wa Gymkhana, ambao si mbali. Hatuwalaumu. Kutembea mashimo tisa kwa miguu ni dawa nzuri ya moyo na ya sukari. Linalotusikitisha ni mgongo.

Mtu amekaa ofisini juma zima, kisha anaupiga mpira kwa nguvu zote za mikono, nyayo zimeganda chini. Kinachosokotwa hapo ni uti wa mgongo peke yake. Heri amtazame mpagazi wa Kariakoo anapogeuka na gunia: nyayo, magoti na nyonga hutangulia, mgongo hufuata. Sisi twaona pigo la gofu halina siri kubwa kuliko hiyo. Punguza nguvu, acha kisigino cha nyuma kinyanyuke, umalizie kifua kikielekea unakopiga. Na kabla ya yote, pasha mwili moto dakika kumi.

Kuhusu fimbo, sheria inakataza kuzidisha 14, wala hailazimishi zote. Anayeanza zamtosha sita au saba, hata za mtumba. Ila fimbo ya mtumba ilichaguliwa kwa kimo cha mwingine, na iliyo fupi mno hukuinamisha. Mwalimu wa gofu akupime ukiwa wima, kutoka kifundo cha mkono hadi sakafuni. Mpini mgumu waachie vijana wenye kasi.

Maumivu yakishuka mguuni, au mguu ukifa ganzi, weka fimbo chini ukamwone daktari.