Vina havikuzuia machozi mwaka 1999

Mwandishi, hapo unapodai katika makala yako kwamba vina na mizani huibana huzuni, nakupinga. Mwalimu Nyerere alipofariki London tarehe 14 Oktoba 1999, magazeti yetu yalijaa mashairi ya maombolezo, na mengi yalikuwa tarbia za kawaida kabisa: mishororo minne, mizani 16 kila mshororo. Nyumbani kwetu marehemu babu alikuwa akivaa miwani, analikunja gazeti kwenye ukurasa wa mashairi, kisha anaghani kwa sauti pale barazani. Akifika ubeti wa pili, majirani wameshakishika kibwagizo, wanakiitikia pamoja naye. Wazee ambao sikuwahi kuwaona wakilia, walilia. Kibwagizo kile ndicho kilichompa hata asiyejua kusoma nafasi ya kuomboleza na wenzake. Na wewe ndugu unayedai kwamba mashairi yale yalikuwa sifa tupu za kiongozi, kumbuka Mwalimu mwenyewe alikuwa mshairi. Aliitafsiri tamthilia ya Shakespeare kuhusu Julius Caesar, ikachapishwa 1963, na humo mna hotuba ya Antony mbele ya maiti ya mtawala wake. Alijua vyema maneno ya msiba yana nguvu gani kwa umma. Jamani, mwenye magazeti ya Oktoba ile kabatini asiyaache yaliwe na mchwa. Ayanakili mashairi hayo, na majina ya watunzi asiyasahau.