Vita ya Kwenye Picha na Vita ya Kweli

Yumkini mwanao amerudi nyumbani na kitabu cha picha alichoazimwa na mwenzake, na ndani yake wanawake waruka angani bila mabawa. Usikitupe motoni upesi. Keti naye kwanza, umwulize: "Huyu ni nani, na hapa ni wapi?"

Kimoja cha vitabu hivyo chaitwa DC Comics Bombshells. Kilianza kutolewa Marekani mwaka 2015, na mtunzi wake ni Marguerite Bennett. Asili yake ni sanamu ndogo alizobuni mchoraji Ant Lucia, kwa mfano wa zile picha za wasichana ambazo askari wa Marekani walizichora kwenye pua za ndege zao wakati wa Vita Kuu ya Pili. Picha zile zilikuwa za kufurahisha macho tu. Bibi Bennett akawapa wasichana wale kazi na ulimi.

Vita ni ile ile ya miaka ya 1940, ila imegeuzwa. Katika vitabu vya zamani, kijana Bruce Wayne awaona wazazi wake wakiuawa kichochoroni, naye akikua awa Batman. Humu, mwuaji akiinua bastola, atokea mwanamke mcheza besiboli, Batwoman, akawaokoa. Basi Batman hazaliwi kamwe, na kazi ya kupigana yashikwa na wanawake. (Si kitabu cha mtoto mdogo, nakuonya, mna mauaji na mizuka.)

Mwanao atasema, "Baba, haya yote ni uwongo." Ngoja kidogo. Humo mna wasichana wawili wa Kirusi, Kara na Kortni, walio pamoja na marubani wa kike waitwao Wachawi wa Usiku. Hao Wachawi walikuwako kweli! Mwaka 1941 rubani Marina Raskova alipewa ruhusa ya kuunda vikosi vya ndege vya wanawake. Kimoja kilikuwa cha wanawake watupu, tangu rubani hata fundi na mpakia mabomu. Ndege zao, Po-2, zilikuwa za mbao na turubai, za kufundishia wanafunzi, nazo zilikwenda polepole mno. Kwa hiyo waliruka usiku. Wakikaribia adui walipunguza nguvu ya injini, wakateleza kimya, na Wajerumani chini wakasikia mvumo tu wa upepo, kama ufagio. Ndipo wakawaita wachawi. Kwa muda mrefu hawakuchukua hata miavuli ya kurukia; uzito wake ulifaa bomu. Waliruka zaidi ya mara 23,000. Hakuna aliyekuwa na nguvu za ajabu.

Lakini pana mahali ambapo kitabu na kweli havikutani, na hapo ndipo nataka usimame na mwanao. Mwaka 2017 hadithi iliendelea kwa jina la Bombshells United. Yaanza Arizona, mwaka 1943, na Wonder Woman anawatetea Wamarekani wa asili ya Kijapani waliohamishwa kwa nguvu na serikali yao wenyewe.

Uhamisho huo ni wa kweli. Japani ilishambulia Pearl Harbor Desemba 1941, na Februari 1942 Rais Roosevelt akatia sahihi amri. Watu wapata 120,000 wakatolewa makwao, wengi wao wazaliwa wa Marekani: wakulima, wenye maduka, vikongwe, watoto wachanga. Walichukua kile tu walichoweza kubeba. Mashamba na vyombo viliuzwa kwa bei ya kutupa. Wengi wakatiwa nyuma ya seng'enge jangwani, kama huko Poston na Gila River, Arizona. Hawakushitakiwa kwa kosa lolote.

Mtoto akiuliza, "Je, Wonder Woman alikuja?" mjibu kwamba mwaka ule Wonder Woman alikuwa tayari akichapishwa, tangu 1941, akiuzwa madukani nchini mote. Kule jangwani hakuja mtu. Ilipofika mwaka 1988, Rais Reagan alitia sahihi sheria ya kuomba radhi, na kila aliyekuwa bado hai akaandikiwa dola 20,000. Wazee wengi walikwisha kufa.